Chakula cha Mgeni Asiyerudi

Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Neno hili twalijua sote, na kwa kawaida twalifasiri hivi: mgeni akifika, chungu hutelekwa, kuku huchinjwa, na watoto wa nyumba nao hupata kitoweo ambacho siku nyingine hawakioni. Ni kweli. Lakini neno hilo lina maana nyingine pia. Mgeni humponya mwenyeji kwa sababu humwonyesha jinsi alivyo. Mtu hawezi kuujua moyo wake kwa kumpokea shemeji, au jirani, au mkubwa wa kazi. Hao watarudi, nao watalipa wema kwa wema na ubaya kwa ubaya. Moyo hujulikana siku anapokuja mtu wa mbali, asiye na ndugu mjini, ambaye atakula mara moja na kwenda zake, wala hatutamwona tena.

Ni juu ya mgeni wa namna hiyo twataka kusema leo. Tutaanza na jambo dogo, yaani sahani ya makaroni, katika mji mkubwa wa Roma.

Mji uliozoea wageni

Roma imepokea wasafiri kwa karne nyingi. Mwaka 1300 Papa Bonifasi VIII alitangaza Jubilei ya kwanza, na tangu hapo wakristu wa nchi zote wamekwenda huko kwa makundi, kusali penye makaburi ya Mitume Petro na Paulo. Jubilei ya mwaka 2025 ilifunguliwa na Papa Fransisko tarehe 24 Desemba 2024. Yeye aliaga dunia tarehe 21 Aprili 2025, na mwandamizi wake, Papa Leo XIV, akaifunga tarehe 6 Januari 2026. Katika mwaka huo kila kundi lilipewa siku zake: vijana, wagonjwa, wafungwa, na wengine wengi. Siku za makatekista zilikuwa tarehe 26 mpaka 28 Septemba 2025. Sisi tulikuwa watu wanne kutoka Kongo.

Yafaa tuseme feza ya safari ilitoka wapi, maana bila hilo habari yetu haina uzito. Nauli ya ndege ilipatikana kwa msaada wa wafadhili. Lakini feza ya kula ilitoka kwa wakristu wenyewe, katika mashirika yetu ya mitaani na vijijini. Mmoja alitoa noti iliyochakaa, mwingine aliuza jogoo. Mama mmoja mjane alileta mayai kumi na mawili katika kikapu, akatuambia: «Walimu, mkauze haya, mpate kula vizuri huko kwa Papa.» Tuliyauza. Kwa hiyo, kila mara tulipofungua mkoba kule Ulaya, tulijua ni mkono wa nani uliotia feza ndani.

Sahani nne

Siku ya Posho, tarehe 27, tulikuwa tumeamka mapema, tumekwenda kwa miguu nyuma ya msalaba pamoja na wasafiri wengine, tukapita Mlango Mtakatifu. Ilipofika saa saba mchana njaa ilituuma. Katika mtaa mmoja usio mbali na Kanisa la Mtakatifu Petro, mtu alisimama mbele ya nyumba ya chakula, akatuita kwa Kifaransa, akatupa mkono kana kwamba tulisoma naye. Ukutani palikuwa na picha kubwa za vyakula. Picha iliyopita zote kwa ukubwa ilikuwa ya makaroni yanayoitwa «carbonara», na bei yake ilikuwa euro 13. Mtu yule alisema: «Hiki ndicho chakula cha Roma yenyewe.» Tukaingia, tukaagiza sahani nne.

Kabla hatujasema neno jingine, kikapu cha mkate kililetwa, na chupa mbili za maji zilifunguliwa. Kisha makaroni yalifika. Hatukuwa tumemaliza hata fungu moja la rozari, na sahani nne zilikuwa mezani! Tulibariki chakula, tukaanza kula.

Pembeni mwa sahani palikuwa na moto, katikati palikuwa baridi. Makaroni yalilainika kama uji wa mtoto aliyeota jino la kwanza, yakaogelea katika krimu nyeupe ya maziwa, yenye chumvi nyingi na isiyo na harufu ya kitu chochote. Mkate ulikuwa wa jana, kama si wa juzi.

Msomaji asifikiri kwamba tulikuwa tukidharau chakula kwa kuwa ni cha kigeni. Mtu aliyelelewa katika seminari ndogo hachagui chakula. Tulikula maharage yenye wadudu miaka mingi, nasi tuliwahesabu wadudu kuwa nyama. Hata sahani hizi tulizimaliza, maana haifai kutupa chakula. Lakini tulikula kimya, na mwenzetu mmoja, ambaye kwa kawaida huimba akishashiba, hakuimba.

Ndipo karatasi ya hesabu ikaja. Hapa Kilatini chetu cha seminari kilitusaidia, maana anayejua «panis» hashindwi kusoma «pane». Makaroni, euro 52. Mkate ambao hatukuuomba, euro 2 na nusu kwa kila mtu, jumla 10. Maji ambayo hatukuyaomba, euro 8. Halafu ada ya utumishi, kumi na tano kwa mia. Jumla ya yote: euro 80 na senti 50. Tuliuliza kwa upole juu ya mkate. Tulionyeshwa herufi ndogo sana chini ya ukurasa wa mwisho, ndogo kama mayai ya chawa. Tukalipa.

Aliyetuletea karatasi hakuwa yule wa mlangoni. Alikuwa kijana mwembamba wa kutoka Bangladesh, na alipoiweka mezani hakututazama usoni. Mwenzetu alimwuliza: «Na wewe, ndugu, umekwisha kula?» Alijibu kwamba yeye hula saa kumi na moja, wageni wakipungua. Kisha akatutazama mara ya kwanza, akatupa mkono. Basi tukatoka.

Nje, kama hatua hamsini kutoka mlango ule, palikuwa na bomba la maji la barabarani. Warumi huliita «nasone», maana yake pua kubwa, kwa sababu ya umbo lake. Mabomba ya namna hiyo yalianza kuwekwa mwaka 1874, na leo yako karibu 2,500 katika mji wote. Maji yake ni baridi na safi, hutiririka usiku na mchana, na hakuna anayelipa hata senti. Tulikunywa hapo. Mji ulikuwa umetuandalia maji bure kabla hatujazaliwa.

Makaroni hayangoji mtu

Jioni tulirudi kwenye nyumba ya Masista tulimolala. Mpishi wao ni Sista mzee, Mwitalia, mwenye mikono minene ya mtu aliyekanda unga maisha yake yote. Aliuliza kama tumekula, na tulipomweleza alisimama na mwiko mkononi. «Krimu?» akauliza. «Waliwatilia krimu?»

Akatufundisha. Carbonara ya kweli ina mayai, jibini la maziwa ya kondoo, nyama ya shavu la nguruwe iliyokaangwa, na pilipili manga. Haina krimu hata kidogo. Ulaini wake hutoka kwenye yai na jibini, pamoja na maji kidogo yaliyopikia makaroni. Lakini kazi hiyo ni ya dakika chache, tena ni lazima mpishi awepo na mgeni awepo. Yai hulainika kwa joto la makaroni tu. Likikutana na moto mkali huganda, nalo likingoja hukauka. Kwa hiyo aliyepika asubuhi ili auze mchana hawezi kutumia yai peke yake. Hutia krimu, kwa kuwa krimu yaweza kungoja, na kupashwa moto tena na tena.

Tuliposikia hayo tulifahamu mara moja, maana Sista alikuwa kama anayeeleza bugali wetu. Kwetu, mama wa nyumba hasongi bugali kabla mgeni hajaketi. Maji yaweza kuwa tayari, sombe yaweza kuiva mapema na kuwa tamu zaidi, lakini unga hungoja. Bugali uliosongwa asubuhi ukapewa mgeni mchana ni tusi, hata ukipambwa kwa nyama. Mgeni hungoja bugali, lakini bugali haungoji mgeni. Wataliano nao wana desturi iyo hiyo juu ya makaroni yao. Basi tulitambua kwamba mchana ule hatukuwa tumelishwa chakula cha Roma wala cha Italia. Tulilishwa chakula kilichopikwa kabla ya mtu, kwa ajili ya mtu yeyote.

Mayai ya mama mjane yalikuwa yamelipa sahani ya mayai isiyo na yai.

Sista hakuwa na carbonara usiku ule. Alitupa supu ya maharage, mkate, na tufaha moja kwa kila mtu. Supu ilitoka motoni ikaja mezani. Mwenzetu aliimba.

Hesabu ya mpita njia

Yafaa sasa tutafute sababu, maana kulalamika bila kutafuta sababu ni kazi ya watoto. Je, Wataliano ni watu wabaya? Hapana. Sista ni Mwitalia. Walioweka mabomba ya maji ni Wataliano. Walioona kwamba wageni hutozwa feza kwa kukalia kiti tu ni Wataliano pia: katika jimbo la Lazio, ambamo Roma imo, sheria ya mwaka 2006 imekataza ada ya meza wanayoiita «coperto». Ndiyo maana karatasi yetu haikuandikwa «coperto». Iliandikwa «pane». Ada iliyofukuzwa mlangoni ilirudi kwa dirisha, imebadili jina.

Sababu ni hesabu. Nyumba ya chakula iliyo katika mtaa wa wafanyakazi huishi kwa watu wanaorudi. Fundi aliyekula vibaya siku ya kwanza ya juma hatarudi siku ya pili, naye atawaambia mafundi wenzake. Mwenye nyumba hulazimika kupika vema, hata kama hana upendo. Lakini nyumba iliyo penye njia ya wasafiri huishi kwa watu wasiorudi. Leo ni Mkongo, kesho ni Mpolandi, kesho kutwa ni Mfilipino. Kila mmoja akiudhika huondoka na hasira yake kwa ndege, na nafasi yake hujazwa na mwingine mwenye njaa. Mahali pa namna hiyo mtu halazimishwi na kitu chochote kuwa mwema. Akiwa mwema, ni kwa sababu ya dhamiri yake tu, na hofu ya Mungu.

Tena angalieni mahali penyewe: ni penye njia ya watu wanaokwenda kusali! Si ajabu. Ambapo watu wengi huenda kwa imani, huko pia huenda wanaoihesabu imani yao kwa vichwa na sahani.

Lakini mji ule ule wajua njia nyingine. Mwaka 1548, Mtakatifu Filipo Neri na wenzake walianzisha chama cha Utatu Mtakatifu kwa kuwahudumia wasafiri maskini, na katika Jubilei ya mwaka 1550 waliwapokea waliofika Roma wamechoka na bila mahali pa kulala. Waliwaosha miguu, wakawapa chakula na kitanda. Baadaye hata makardinali na mabwana wakubwa walikuja kuvaa kitambaa cha utumishi na kuwapelekea maskini sahani. Kanisa la chama hicho lipo hata leo, karibu na daraja linaloitwa Ponte Sisto. Wageni wale nao walikuwa wapita njia. Nao hawakurudi. Hesabu ilikuwa ile ile, bali mioyo ilikuwa tofauti.

Ng'ambo ya mto, katika kanisa la Bikira Maria la Trastevere, jumuiya ya Sant'Egidio iliandaa chakula cha Noeli mwaka 1982 kwa maskini wapatao ishirini, ndani ya kanisa lenyewe, mezani, kwa vitambaa vizuri. Desturi hiyo imeenea katika miji mingi ya dunia. Twaomba msomaji aishike akilini jumuiya hii, maana tutaitaja tena.

Mlangoni pa tajiri

Siku ya Mungu, tarehe 28, Papa Leo XIV aliadhimisha Misa katika uwanja wa Mtakatifu Petro, akawapa baadhi ya makatekista utumishi wao rasmi, ule uliowekwa na Papa Fransisko mwaka 2021. Injili ya siku ile haikuchaguliwa na mtu kwa ajili yetu. Ilikuwa ya Jumapili ya 26 ya mwaka: habari ya tajiri na Lazaro katika Mtakatifu Luka. Tajiri anakula karamu kila siku, na maskini amelala mlangoni pake akitamani makombo.

Mara nyingi twaieleza habari hii kama mashtaka juu ya matajiri. Lakini sikilizeni vizuri. Injili haisemi kwamba tajiri alimpiga Lazaro, wala kwamba alimwibia. Kosa lake ni kwamba alipita mlango ule kila siku, na Lazaro hakuwa mtu kwake. Alikuwa kitu kilicho mlangoni. Yule aliyetuita kwa tabasamu alitufanyia jambo la namna hiyo kwa upande mwingine: tajiri hakumwita aliye mlangoni, yeye alituita, lakini wote wawili hawakuona mtu.

Aliyekataa

Siku iliyofuata tulikwenda kwenye Kanisa la Mtakatifu Paulo nje ya kuta za mji. Tulikuwa na sababu yetu sisi Wakongo. Humo, tarehe 15 Juni 2025, Kardinali Marcello Semeraro alimtangaza Mwenye Heri ndugu yetu Floribert Bwana Chui, mtoto wa Goma.

Habari yake ni fupi. Alizaliwa mwaka 1981, akasoma sheria, akawa mwanachama wa jumuiya ile ile ya Sant'Egidio, na huko Goma aliwasaidia watoto wa barabarani waliokuwa hawana shule wala mlo. Kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa zinazopita mpakani. Watu walitaka apitishe chakula kilichoharibika, wakamwahidi feza. Akakataa. Walimteka mwezi wa Julai 2007, wakamwua. Alikuwa na miaka 26. Papa Fransisko alipofika Kinshasa, alimtaja mbele ya vijana tarehe 2 Februari 2023, ili wajifunze kukataa rushwa.

Fikirini, ndugu. Ni nani angekula chakula kile? Floribert hakuwajua. Huenda ni mama wa soko, au mtoto wa barabara nyingine, au askari, au mtu ambaye angemtukana kama wangekutana. Hao wote hawangejua kamwe kwamba ni yeye aliyepitisha, na leo hawajui kwamba ni yeye aliyezuia. Walikuwa kwake wapita njia, tena wasioonekana. Kwa ajili ya tumbo la mtu asiyemjua alitoa uhai wake.

Tukipiga magoti pale, sahani zetu nne zilikuwa jambo dogo sana. Lakini zilikuwa za ukoo ule ule. Anayepika krimu kwa ajili ya mgeni asiyerudi na anayepitisha unga uliooza kwa ajili ya watu asiowajua wamefanya hesabu moja: huyu hatanirudia. Tofauti ni ya ukubwa tu.

Kwetu nyumbani

Basi, wasomaji, tusicheke Roma. Hesabu hiyo twaijua kwetu pia. Twaiona sokoni, mwuzaji akibonyeza chini ya kopo ili unga upungue, na kumpimia hivyo mtu wa mbali aliyeshuka katika lori, huku jirani akipimiwa kopo zima. Twaiona ofisini, mtu wa kijijini akiambiwa «rudi kesho» na karani ajuaye kwamba kesho hana nauli. Twaiona penye dirisha la zahanati. Twaiona barabarani, kwenye vizuizi, kila siku.

Na sisi tunaofundisha dini? Katekista naye hupika. Kuna wakristu wanaorudi kila siku, nao hupata neno la moto. Kuna na wengine wanaokuja mara moja tu: mgeni aliyefiwa njiani, anayetaka sala ya maziko kwa mtu tusiyemjua, mama anayepita na mtoto mgonjwa, akiomba ubatizo, mkimbizi aliyelala usiku mmoja katika darasa letu, ambaye kesho ataendelea na safari. Ni rahisi kumpa huyo neno lililopikwa jana, sala inayosomwa upesi, jicho likiwa kwenye saa. Hatarudi kutushtaki. Lakini Bwana Yesu hakusema kwamba atatuuliza juu ya wanaorudi. Alisema juu ya mgeni, mwenye njaa, mwenye kiu, na akasema kwamba ni Yeye mwenyewe.

Kwa hiyo twawaomba wenzetu makatekista, na akina mama wa soko, na makarani, na wote wanaowapokea watu: akija mtu wa mbali, mwulizeni jina lake kabla ya kumwuliza haja yake. Mpimieni kopo zima. Ombeni jina la marehemu, mkalitamke vizuri mara zote katika sala. Na kama ni saa ya kula, msimpashie kiporo. Wekeni maji motoni, mkasonge bugali mpya, hata kama kesho atakuwa amekwenda.